Nani Kamng'oa Ndege Wangu Jicho

Shoga, umelala? Amka bwana, nina hasira mpaka usingizi hauji.

Asubuhi nilikuwa maabara ya kompyuta namjaribu yule ndege, nembo ya klabu yetu ya kompyuta. Mzima kabisa! Si unajua nilivyomchora kwa kuandika amri za kompyuta, kila kipande kinaanza na herufi m ndogo, yaani hesabu kuanzia kalamu ilipoishia. Bawa linafuata mgongo, jicho linafuata kichwa.

Mchana mwenyekiti wa klabu ananinong'oneza, "Nimekusafishia faili. Zile m ndogo nimezifanya kubwa zote, ipendeze."

Eti IPENDEZE!! M kubwa inahesabu kuanzia kona ya picha, shoga!

Kabla sijafungua mdomo mwalimu kashamwonyesha ndege wangu mbele ya wote. Bawa limekimbilia kona ya juu, jicho limetoka nje, halionekani kabisa.

"Huyu ndege kagongwa na lori?" akauliza mmoja wa nyuma. Klabu nzima kicheko.

Na mwenyekiti anacheka nao!! "Nilimwambia aniachie mimi, mwalimu." Huku ananitazama usoni. Hana haya hata chembe.

Mimi nikainama kukusanya vitabu, kama kawaida yangu. Mwalimu akampa yeye nafasi ya kwenda mashindano, ile ya mchora nembo. Nafasi YANGU.

Sasa nimeandika kwenye grupu la klabu, mimi ambaye hata "asante" siandikagi:

"Mwenyekiti, wewe ndiye uliyemvunja ndege wangu. Kesho mwambie mwalimu, la sivyo namwambia mimi, mbele ya wote."

Wote wameisoma. Yeye kaanza kuandika, kaacha. Kaanza tena.

Kaacha.