Weka Wazi

Pinga, 9 Agosti 2021

Papa mupenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye matope. Mimi niko muzima. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakohoa?

Papa, nina woga. Parokia imenifanya karani wa mashindano ya karata, na sheria niliandika mimi: kopa ikichezwa, mwenye nayo akikana kuwa nayo, anakatwa alama mbili. Jana Papa Mbonigaba, bosi wangu wa dukani, alikana makusudi na kwa hila hiyo akapata alama kumi. Nilipomkata mbili alicheka: "Kata, karani! Faini nimelipa, unataka nini tena?" Watu wakapiga makofi.

Jumapili yeye na mwenzake wanacheza fainali, dhidi ya Mama Kayitesi na mwenzake, wakulima wa Kibua. Atafanya vilevile. Nikimzuia, naweza kupoteza kazi. Nifanye nini?

Mutoto wako,
Josiane

Sake, 12 Agosti

Mwanangu,

Amani iwe nawe. Goti linalalamika kwenye mlima tu. Mama yako kikohozi kimemwachia sauti ya kunigombeza.

Sheria ya nyumbani kwetu hukuiandika kwa sababu ulizaliwa nayo: anayekana karata hulaza mezani zote zilizomsalia, wazi, akacheza huku kila mtu anaziona. Kaka yako Lévi alilia mara ngapi kwa ajili yake! Huko hawaijui.

Lakini usimvizie mtu. Iseme kabla ya kugawa, wakubali wote wanne. Ikisemwa kabla ni sheria. Ikisemwa baada ni kisasi. Habari ya kazi, hapo siwezi kukuchagulia.

Papa yako

Pinga, 17 Agosti

Papa, jambo sana. Mama naye, jambo.

Kabla ya karata kugawiwa nilisimama, nikaisoma sheria ya nyumbani kwetu. Papa Mbonigaba akanitazama: "Mutoto wa duka yangu ndiyo ananifundisha karata?"

"Hapana, Papa. Ninawauliza wote wane."

Mama Kayitesi akadakia: "Sisi tunakubali. Na wewe, Papa, unakubali ao unaogopa?" Ukumbi ukacheka. Akakubali.

Katika raundi ya mwisho akakana tena. Nadhani aliamini sitathubutu. Muda si muda, kopa ikamtoka mkononi. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana: "Papa, weka wazi."

Akazilaza, moja moja. Kibua wakashinda. Aliwapa mkono.

Jana nilimkuta mlangoni mwa duka. Hakunisalimia. Alisema tu: "Fungua, wateja wanangoja."

Mutoto wako,
Josiane

Sake, 20 Agosti

Mwanangu,

Mama yako mzima, na leo goti silisikii kabisa.

Barua yako imenikuta najua yote. Motari mmoja, dereva wa pikipiki kutoka Pinga, alikuwa anaisimulia fainali sokoni, na mimi nanunua makala ya kupikia. Akaniuliza: "Papa, ule karani, ndiyo mutoto wako?"

Nikamwambia sikusikia vizuri, arudie kwa sauti. Akarudia. Nikamwomba tena, maana wale wa upande wa samaki walikuwa hawajageuka.

Papa wa Karani