Nilimwamkia Mkwe, Mchumba Akaanguka

Mama Esnath, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa hapa Makambako, naomba unisikilize hadi mwisho ndipo unigombeze, maana jambo lenyewe ukilisikia nusu utadhani mimi ni mtu mbaya.

Nina miaka thelathini, nafanya kazi ya kubeba mbao kwenye yadi, na nina mchumba anaitwa Lidia, mwalimu wa chekechea Njombe mjini, posa imeshapokelewa na Jumapili ijayo mchungaji ataanza kutangaza ndoa yetu. Sasa huyu Lidia alipokuwa chuoni alijifunza chiadansi, yaani kushangilia timu kwa kucheza kwa pamoja na kubebana, na aliporudi akaanzisha kikundi cha vijana cha kushangilia kwenye bonanza la mpira, akasema na mimi niingie kwa sababu anayebeba mbao hashindwi kubeba binti, nami nikakubali kwa mapenzi tu, siyo kwamba napenda kuonekana.

Alitufundisha toka mwanzo kabisa, ngumi ifungwe dole gumba likiwa nje, mikono inyooshwe juu kama herufi V bila kulegea, shingo juu, tabasamu hata kama baridi inakukata, na kuhesabu hadi nane bila kukimbilia, na kwa kuwa wengi wetu tunatoka kwaya, muziki ukianza tu tunayumba kulia na kushoto, Lidia anapiga kelele, "Jamani, hii siyo kwaya! Simameni wima!" Mwisho akatufundisha kubeba, mimi nashika mguu mmoja, mwenzangu Timoth anashika mwingine, Lidia anasimama juu ya mikono yetu na kunyoosha ile V yake. Tulikuwa tunaweza vizuri tu.

Siku ya bonanza tukambeba, watu wakashangilia, na pale pale nikamwona mama mkwe anaingia uwanjani, amevaa kitenge cha bluu chenye maua ya njano na kilemba chake, akaja kusimama mbele yangu kabisa. Mama Esnath, mimi nimelelewa. Kwetu mkwe hasimami mbele yako ukamkodolea macho na kofia kichwani. Nikavua kofia, nikainama kidogo, nikamwamkia kikwetu, "Kamwene, mama." Akaitikia vizuri. Sasa kofia huvuliwa kwa mkono, na mkono ndio uliokuwa na mguu wa Lidia, basi Timoth peke yake hakuweza, Lidia akaanguka, akaumia mguu, amefungwa hogo, ile plasta ngumu ya hospitali.

Kinachonichanganya ni kwamba mama mkwe amenisifu mbele ya akina mama wa usharika, anasema kijana mwenye adabu kama huyu siku hizi hapatikani, na amenitumia debe la viazi, lakini Lidia hapokei simu. Nilipokwenda kumwona alisema kama sitalielewa kosa langu mwenyewe kabla ya Jumapili atamwambia mchungaji asitangaze kitu. Nikamwambia ile ilikuwa adabu kwa mzazi wake. Akasema, "Basi nenda kamwoe mama," akageukia ukutani.

Nampenda sana, Mama, hata chakula hakipiti. Nimwambie nini ili aelewe kwamba ile ilikuwa heshima?

Sila, Makambako

Marahaba, Sila. Nimekusikiliza hadi mwisho, kwa hiyo sasa nakugombeza.

Umenieleza rangi ya kitenge cha mama mkwe, hadi maua yake. Mguu wa Lidia hujaniambia hata ni upi. Umevunjika au umeteguka? Hogo linafunguliwa lini? Wale watoto wa chekechea wako na nani? Hujui, na inaonekana ulipokwenda kumwona hukuuliza, ulikwenda kujitetea.

Unataka Lidia aelewe. Mwanangu, Lidia ameelewa siku ile ile, tena kabla hajafika chini.

Sikuambii uitupe heshima. Mimi mwenyewe mkwe wangu akinipita bila salamu nanuna hadi jioni. Lakini yule mama alikuwa amesimama kwenye nyasi kwa miguu yake miwili, salamu yake ingengoja. Hivi ungekutana naye umebeba gogo, ungelitupa barabarani? Thubutu! Ungemwamkia nalo begani, naye angekuitikia, maana kila mtu anajua mwenye mzigo husamehewa mengi. Kwa hiyo gogo lina heshima yake, binti wa watu hana. Hukuogopa kumkosea mama, Sila. Uliogopa watu waseme hukulelewa, na kwa woga huo ukamwachia mtu aliyekuamini akakanyaga mikono yako.

Nimempigia dada mmoja anayefundisha michezo hiyo. Anasema aliye chini hana ruhusa ya kutazama watazamaji, macho yake ni kwa yule aliye juu mpaka ashuke. Lidia lazima alikufundisha hilo pia. Wewe umekumbuka dole gumba.

Viazi kula, havina kosa. Sifa za mama mkwe usizile.

Kesho panda gari uende Njombe. Usimtume mshenga, usiende na Timoth, wala usipitie kwa mama kuomba akuombee. Kaa karibu na Lidia, umwulize kwanza mguu unaendeleaje, kisha useme, "Nilikuachia. Nilimwona mama yako, nikakuachia." Usiongeze "lakini." Neno adabu lisitoke kinywani mwako siku hiyo. Akilia mwache alie, akikusema umestahili. Na habari ya Jumapili usimgusie. Nenda mwenyewe kwa mchungaji, umwombe asitangaze mpaka Lidia mwenyewe aseme yuko tayari, hata kama hatasema kamwe.

Halafu nakuonya. Kwa ninavyowajua akina mama, wa kwake ataingia chumbani katikati ya maneno hayo, na chai mkononi, na wewe utasikia miguu inataka kusimama. Kaa hapo hapo. Mtazame Lidia, maliza unachomwambia mpaka neno la mwisho. Ndipo umwamkie mama.