Neti Niliyokutuma Uifue

Mpendwa mdogo wangu Nekesa,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikusingizia hadharani. Waliokuja kwenye matanga ya mwanangu Wafula walinisikia nikisema wewe ndiye uliyeniulia mtoto. Nataka hao hao wasome na hili. Nimechoka, mdogo wangu, na nisipoandika leo sitaandika tena.

Unakumbuka ulivyofika kwangu Luzira kutoka Busia, na mfuko mmoja na maneno mengi? Mimi nilikuwa nashinda sokoni Kikuubo nikiuza mabeseni. Wewe ukabaki na Wafula, ukaanza kuwafulia nguo watu wa nyumba za kando ya ziwa. Hata tambara la kudekia ulilianika limenyooka. Nilikutania kwamba siku moja utamfua jogoo wa jirani, ukanijibu, "Akikaa vibaya, nitamfua yeye na mwenyewe." Tulicheka sana siku hizo.

Kisha tukapewa neti za mbu zenye dawa. Nalongo, mhudumu wa afya wa zoni yetu, akatufundisha: neti ianikwe kivulini siku nzima kabla ya kufungwa, na isifuliwe ovyo ovyo. Wewe ulimsikiliza. Mimi nilikuwa nawaza soko.

Miezi ikapita, moshi wa sigiri ya makaa ukaigeuza neti rangi ya majivu. Mama mkwe akatuma habari kwamba anakuja, na unamjua: hukagua kitanda kabla hajasalimia watu. Nikakuambia uifue mpaka ing'ae. Ukasita. "Dada, Nalongo alisema jiki inaua dawa." Nikakujibu kwa ukali kwamba Nalongo si mkwe wangu. Ukaitia jiki ya kung'arishia nguo, ukaianika juani, ikatoka nyeupe pe. Mama mkwe akaisifu, nami nikapokea sifa kana kwamba nimeifua mimi. Tangu hapo nikataka ifuliwe vivyo hivyo kila Jumamosi, nawe ukafua.

Mvua zilipoanza, Wafula akashikwa na homa. Nikadhani ni mafua, nikampa dawa ya maumivu nikaenda zangu Kikuubo. Siku ya tatu akapata degedege. Tulipomfikisha hospitali alikuwa hamtambui mtu tena, na hakurudi nyumbani. Alikuwa na miaka minne.

Matangani Nalongo akaishika ile neti, akauliza, "Nnyabo, mama, hii munaosha na nini? Dawa yote imeenda na maji." Mama mkwe akataka kujua nani anafua nguo za nyumba hii. Ulimi hauna mfupa, nikakunyooshea kidole. Uliinama tu mama mkwe alipokulaani. Hukusema kwamba ni mimi niliyekutuma. Kesho yake ukarudi Busia, na mimi nikakuacha uende.

Sijui kama ni neti. Labda mbu alimng'ata nje jioni, tukiwa tunapika. Nalongo mwenyewe ameniambia hakuna awezaye kujua. Lakini najua nani aliagiza ifuliwe, na nani alimwacha mtoto na homa akaenda kuuza mabeseni. Nakukosa, Nekesa. Nimechoka kuulizwa habari zako na kujibu, "Yuko salama," wakati hupokei simu zangu.

Jumapili nilimweleza mama mkwe kila kitu. Akaniambia, "Kwa hiyo uliniacha nimlaani mtoto wa watu bure." Hajanisemesha tangu hapo, na ni haki yake. Wewe pia si lazima unijibu. Sikuombi urudi. Ila mtu yeyote huko akikuita muuaji, msomee barua hii mpaka mwisho, umwonyeshe na jina lililo chini yake.

Kwaheri, mdogo wangu.

Dada yako,
Mama Wafula