Walivyonililia Nikiwa Mzima

Jumapili jioni. Manyunyu tangu tulipotoka kanisani, mlima umejifunika wote, na Kihonda nzima inanukia udongo. Baba Neema amesinzia kwenye kochi, redio kifuani. Mimi nimekaa. Naomba muisome tena hiyo: nimekaa, miguu juu ya stuli, chai ya mdalasini pembeni, na sina wasiwasi na mtu.

Wanaonisoma humu siku zote wanajua nimetimiza hamsini mwaka huu. Tangu hapo hamniachi. Dada Skola, tupe siri. Dada Skola, unaingiaje hamsini ukiwa na furaha? Nimekuwa nawakwepa kama mtu anayedaiwa. Ningewapa siri gani, wakati mwenyewe nilikuwa naingia hamsini kinyumenyume, mwiko mkononi?

Leo ninayo ya kusema. Nimeipata jana kule Matombo, nikiwa maiti.

Tulieni, nawaeleza.

Kwanza, nina presha. Daktari alinipima, akapima tena, akaniangalia kama mtu anayeangalia maziwa yanayotaka kufurika. Akasema dawa kila siku, chumvi kidogo, usingizi wa kutosha, na kazi nzito za kwenye moto na moshi niwaachie wengine. Nikamwitikia vizuri kabisa, sawa daktari. Dawa nikaanza kumeza. Chumvi nikapunguza. Lakini kuhusu kupumzika, nilifika nyumbani nikaanza kupanga arobaini ya Bibi.

Bibi mzaa mama alifariki kwa uzee, usingizini, akiwa ameshakula na ameshasali. Kifo cha heshima. Kwetu Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo Bibi ndiye aliyekuwa shina letu, na shughuli yake isingeweza kuwa ndogo. Na shughuli yoyote ya ukoo wetu, iwe harusi, kipaimara, kumtoa mwali au msiba, jiko ni langu. Imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Watu wakishuka tu kwenye gari wanauliza, "Skola yuko wapi?"

Nisiwadanganye, naipenda hiyo sauti. Naipenda mno.

Mimi ndiye ninayesema kuni zipi ziingie, ndizi zimenywe saa ngapi, nani aondoke jikoni kwa sababu anaongea sana. Na chumvi haitii mtu mwingine. Naifunga kwenye pindo la kanga yangu, kiunoni, na sufuria likichemka ndipo wanaponiita. Wenzangu wananitania kwamba hata nikienda chooni mchuzi unanisubiri.

Kwa hiyo presha yangu sikumwambia mtu wa ukoo. Niliogopa. Kufa sikukuogopa sana, nitakufa siku yangu. Niliogopa siku ambayo watu watashuka kwenye gari na kuuliza jina la mtu mwingine. Nilimwona mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, magoti yalipomshinda. Alikuwa anawekwa sebuleni, watu wanamwambia shikamoo mama, halafu wanapita kwenda kule kwenye kelele. Nilijiambia umri huu ni mlango wa kuingilia kule sebuleni, na mimi sitaingia. Nisipopika mimi ni nani? Hilo ndilo swali lililokuwa linaninyima usingizi, wala si joto la usiku ninalowalalamikia kila wiki.

Aliyejua ni Baba Neema peke yake. Alinibana tukiwa njiani, gari linaruka kwenye yale mawe, nikamwahidi kwamba safari hii nitakaa.

Nikafika Matombo, nikashuka, mtu akaita "Skola yuko wapi?", na ahadi ikaishia hapohapo.

Jana asubuhi nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba ya Bibi. Kuni mbichi, moshi wa kuchoma macho, masufuria makubwa yamejipanga juu ya mafiga. Nafoka huku, naonja kule. Nikainama kusukuma kuni. Nilipoinuka, dunia ikainuka na mimi na haikutulia. Nikashika nguzo ya banda. Nikaona nyota mchana. Nikajikausha, nikijua hakuna aliyeniona.

Aliniona Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ni mtani wetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mabibi, yeye Mwislamu sisi Wakatoliki, na utani haujali hayo. Kwenye shughuli yetu kazi yake ni kutuchezea, kututukana kwa mdomo mtamu, na kuteka kitu au mtu mpaka ukoo wetu umgomboe. Na huruhusiwi kukasirika. Ukimnunia mtani umeaibisha ukoo mzima. Tunalingana umri, ila kwa mdomo ananishinda, na nyie mnajua mimi si bubu.

Akapiga ukelele uliofika misheni. "Jamani! Skola kafa! Kafa kasimama!"

Kabla sijajua la kufanya watani wenzake wamenizunguka. Mmoja kachukua mwiko. Wawili wamenishika mabega. Nikalazwa kwenye mkeka barazani, nikafunikwa kanga mpaka usoni, na kilio kikaanza.

"Uuuwi, Skola! Nani atatufokea sasa?"

"Alikuwa anaonja mchuzi mpaka unaisha!"

"Kamwacha mume hajui hata kuchemsha yai!"

"Hata marehemu Bibi alikuwa anamwogopa!"

Uwanja mzima ulikuwa unacheka mpaka watu wanafuta machozi. Mimi chini ya kanga nacheka, na hasira zinapanda, maana nasikia kabisa sufuria la maharage linafoka na hakuna anayelifunua. Nikajaribu kuinuka. "Maiti anatikisika! Mkandamizeni!" Nikakandamizwa. Ndipo Bi Mwanaidi akaniinamia sikioni, na sauti yake haikuwa ya utani hata chembe.

"Nimekuona ulivyoshika nguzo. Lala hapo, mwenzangu. Ukifa kweli, mimi nitamtania nani?"

Akainuka akaendelea kulia kwa kelele kuliko wote. Nilibaki nimetulia.

Mume wangu ni mtu wa Singida. Tumeoana miaka mingi, anakula ndizi zetu, anasikia Kiluguru, lakini kuna mambo hayajamwingia. Akamkamata jogoo hapo uwanjani, akaja naye kwapani, sauti imejaa huruma, akasema anaomba kumgomboa mke wake. Salale! Wale watani nusura waanguke. "Wewe ulimwoa tu! Huyu ni mtoto wa ukoo wake, atagombolewa na mjomba wake!" Akanyang'anywa jogoo kama faini ya kujipendekeza, na wala jogoo hakuwa wake, alikuwa wa jirani. Nilicheka mpaka mkeka ukahama.

Basi, anayetakiwa kunigomboa ni Mjomba Kondradi, mdogo wake mama, mkubwa wa ukoo wetu. Alikuwa amekaa mbele na kikombe cha togwa. Wakamwita. Akajibu, "Nimesikia. Namalizia togwa."

Ile togwa haikuisha. Baadaye ndiyo nikajua kwamba alimvuta Baba Neema pembeni akamuuliza kulikoni, na mume wangu, ambaye hawezi kumdanganya mkwe hata kwa dawa, akaeleza yote. Mjomba akarudi kwenye kiti chake, akaomba aongezewe kikombe kingine.

Nikiwa palepale akaja mdogo wangu Felista, anahema. "Dada, chumvi."

Bi Mwanaidi akamjibu yeye. "Maiti haombwi chumvi. Jichukulie."

Nikahisi vidole vya Felista vikifungua pindo la kanga yangu. Nilitaka kumwambia aanze na nusu, aonje kwanza, asitie kwenye ndizi mpaka nazi ichemke. Nilikuwa na maelekezo ya kujaza daftari. Nikayameza. Nikawa nasikiliza mifuniko, maji, mabinamu wanabishana, mtu anaimba. Mara sauti zikaanza kwenda mbali.

Nikalala. Si utani, nililala usingizi wa kweli, mchana kweupe, watu wananililia.

Nilipoamshwa, Mjomba Kondradi alikuwa amesimama juu yangu na mkungu wa ndizi begani na fenesi miguuni. Watani wakapokea, wakanitangaza nimefufuka, vigelegele. Nikaangalia uwanjani. Watu walikuwa wanaosha sahani. Wageni wote walikuwa wameshakula, na padri ameshaondoka na furushi lake la ndizi mbivu.

"Amka ule, mpwa wangu," Mjomba alisema. "Kimebaki kidogo."

Felista akaniletea sahani, akasimama kuniangalia kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikaonja. Wali umeshika kidogo chini. Ndizi safi. Mchuzi ulikuwa na chumvi sawasawa.

Hilo ndilo lililoniuma.

Ningeweza kuvumilia kama ungekuwa chapwa. Ningesamehe hata ungekuwa kama maji ya bahari, ningesema haya, mnaona? Lakini ilikuwa sawasawa kama yangu, na nikalia mbele za watu. Wao walidhani namlilia Bibi, wakanipa pole. Nilijililia mwenyewe. Halafu, wenzangu, sijui niwaelezeje, kile kilio kikageuka katikati ya safari. Mnajua ukitua ndoo ya maji kichwani baada ya kupanda mlima nayo, shingo inavyokuwa nyepesi mpaka unayumba? Nilijisikia hivyo. Niliyumba kwa wepesi.

Na hawakunisalimia wakapita. Hiyo ndiyo ilinishangaza zaidi. Binamu zangu walivuta mkeka wakakaa nami. Nikapewa habari zote: nani amechaguliwa Mzumbe, nani anachumbiwa na hataki, nani amegombana na nani kwa ajili ya mpaka wa shamba na wakapatana. Nikagundua kwamba nimehudhuria shughuli zote za ukoo huu na sijaona hata moja. Nilikuwa nyuma, na moshi. Bi Mwanaidi alikaa karibu yangu, mguu wake juu ya wangu, anakula fenesi la kunigomboa mimi bila aibu yoyote, na hata kokwa moja hakunipa.

Kwa hiyo, mlioniomba ushauri, haya basi. Msiniulize vyeti.

Mkipewa dawa mezeni, na mliowapa ahadi watekelezeeni kabla mtani hajawatekelezea. Semeni mnapoumwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: watu wanauona wako mwepesi kwa sababu hugumii, ukigumia watakutua. Mimi nilidhani wananikandamiza kumbe hawajui tu. Jana Mjomba alipojua tu, hawakuchukua hata nusu saa kupanga kazi upya.

Kuna maneno nimejitungia, nimeanza kuyasema leo asubuhi nikipiga mswaki. Si kila moshi ni wangu. Baba Neema amenicheka, amesema nimeokoka. Nitayasema hivyo hivyo. Simu ikiita na najua ni ya kunituma, nitasema si kila moshi ni wangu, halafu nitapokea, maana mimi pia si malaika.

Na jingine: ujuzi uliomfundisha mtu haujakutoka. Felista chumvi ile aliijulia wapi kama si kwangu? Nimemfokea miaka yote akiwa amesimama pembeni yangu, kumbe anasoma. Jana nilitakiwa kujivuna nikawa nanung'unika. Leo najivuna. Nimempigia nikamwambia mchuzi ulikuwa mtamu kuliko wangu, akaniuliza kama nina homa.

Sasa la leo mchana. Kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp umeingia ujumbe. Mwezi ujao kuna harusi Mikese, binti wa binamu yangu. Mwisho kabisa: nani atasimamia jiko?

 Nikaona wanasoma mmoja mmoja, na hakuna anayejibu. Walikuwa wananisubiri mimi, kwa mazoea. Nawaapia vidole vilinitekenya. Nilishaandika "Nipo", nikaifuta. Nikaiandika tena. Baba Neema alikuwa ananitazama bila kusema kitu, na kwa Mnyaturu yule hayo ni makelele.

Nikaandika: Mimi nina presha, ndugu zangu, nitakuja kula.

Nikatuma, nikaifunika simu kifudifudi kama imeniuma. Nilipoifunua Felista alikuwa ameshaandika jiko ni lake. Chini yake pongezi, pole, makopakopa, na Mjomba Kondradi, ambaye huandika kila kitu kwa herufi kubwa, KARIBU MGENI WETU.

Mgeni. Nikaenda kabatini kuangalia mgeni huyo atavaa nini. Nimetoa kitenge kimoja kimoja. Hiki kina doa la mafuta, hiki kimetobolewa na cheche, hiki mikono nilikatisha isiguse moto. Miaka yote hii ya harusi na sherehe, sina hata gauni moja lililoshonwa kwa ajili ya kukaa.

Kesho naenda sokoni kuchagua kitambaa. Nataka cheupe.