Mdomo wa Toé

Azèta uko wapi? Shika simu basi! Pamba yetu imekataliwa.

Tumefutwa kwenye kilimo hai, kile cha bila dawa, shoga. Kundi zima la akina mama. Kisa mdomo wa Toé!

Mkaguzi mzungu alikuwa shambani kwangu, mambo yote safi. Mara Toé huyo na baiskeli yake. Si unamjua, Msamo yule akiniona mimi Mmossi lazima anitanie, utani wa makabila yetu. Nikamwambia, "Mla mbwa wewe, pita huko, nina wageni!"

Akasimama. "Wageni, msimwamini mtumwa wangu huyu! Usiku anaipiga pamba dawa mpaka panzi wanahama kijiji!"

Tukacheka wote. Hata mimi Azèta. Nilicheka!!

Mkalimani wa mzungu akatafsiri neno kwa neno. Mzungu hakucheka. Akauliza, "Kumbe unapiga dawa usiku?"

Nikamwambia huyu ni mtani wangu. Toé akaapa kwa mama yake, "Madamu, nimesema uongo!" Ndipo akaharibu kabisa. Mzungu akasema eti shahidi ametishwa. Toé! Nani amtishe Toé?

Nikasema chukueni majani mkapime. Mzungu akasema dawa ya zamani haionekani tena kwenye majani.

Basi. Pamba yetu wenyewe imekwisha, akina mama tunarudi kulima mashamba ya waume zetu.

Toé katoka hapa sasa hivi. Alivua kofia mlangoni, akasema, "Habari za nyumbani, Mama Raogo."

Mama Raogo! Hajawahi kuniita hivyo.

Nikamwambia, "Ingia, mla mbwa." Nikangoja anirudishie utani.

Hakunirudishia, Azèta. Aliinamisha kichwa tu, akaondoka.