Mdomo wa Mgeni kwenye Saksafoni Yangu

Jumapili, 9 Machi

Wameondoka. Afadhali!

Walikuja kujitambulisha: mchumba wa binti yangu, mama yake, na kaka wa marehemu baba yake, ambaye wote wanamwita Baba Mkubwa. Ndiye msemaji wao. Koti lina vifungo vya dhahabu, kikohozi cha kujitangaza.

Nikaingia jikoni kuchukua chai. Narudi na sinia — nasikia bata kakanyagwa. Baba Mkubwa kasimama katikati ya sebule, saksafoni yangu iko mdomoni mwake. MDOMONI! Mashavu yamevimba kama chura. Na alikuwa anatafuna karanga sasa hivi tu.

Hakuuliza. Hata "samahani" ya uongo hakuitoa. Ingekuwa gitaa ningesema kashika tu. Lakini saksafoni ni kitu cha mate! Mbona mswaki wangu uko bafuni na hakuugusa?

Na mume wangu — makofi! "Kumbe mkwe ni fundi!" Fundi wa nini?

Nikafungua kinywa. Binti akanitazama: tafadhali, Mama. Nikamimina chai. Mchumba naye anachungulia simu. Fundi lifti, kazi yake kupandisha watu maghorofani, kichwa chake mwenyewe hawezi kukipandisha.

Jumatatu, 10 Machi

Kibanzi cha saksafoni kimepasuka. Kile cha mwanzi, kinachokaa penye mdomo na kutoa sauti. Nilikuwa nimekizoea mpaka kinanijua. Jioni hotelini nimepiga na kipya, kigumu kama ubao. Mpiga ngoma wa bendi yetu akauliza, leo unapiga au unagombana? Nikamwambia, vyote viwili.

Nimeisugua sehemu ya mdomo mpaka vidole vimekunjamana. Bado nasikia karanga.

Mume wangu anasema nakuza mambo, mtu kapuliza tu. Kapuliza tu! Nikamuuliza: nikimwazima jirani meno yako ya bandia, atafune tu? Akaufunika mdomo kwa kiganja. Meno yake anayapenda.

Jumatano, 12 Machi

Kumbe waliokasirika ni wao! Binti kaja na habari akiwa bado na sare ya kliniki ya meno. Baba Mkubwa analalamika: nilifuta saksafoni kwa spiriti mbele ya macho yake. Nimemdhalilisha.

Ni kweli nilifuta. Alitaka nimshukuru?

Binti akasema, "Mama, nivumilie. Jumapili wanarudi kupanga siku ya harusi. Siku hiyo moja tu."

Nikamwambia, watu hawa wanakuja kukuomba wewe — kuomba! — na bomba la shaba limewashinda kuomba. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaenda kulala bila kula.

Nilitaka kuificha saksafoni chini ya kitanda. Nikaghairi. Kitu changu, nyumba yangu, nikifiche kama mwizi? Itakaa kwenye stendi yake. Lakini nimeahidi: sitasema neno.

Jumapili, 16 Machi

Naandika jikoni, nimekalia ndoo. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Wamekuja. Kiti hakijapata joto, Baba Mkubwa huyoo, anaielekea saksafoni. "Leo nitawapigia vizuri zaidi!" Nikauma ulimi.

Binti ndiye aliyesema. Taratibu, kwa sauti ya kumwambia mgonjwa apanue kinywa: "Baba Mkubwa, hujamwomba Mama."

Mzee akacheka, mkanda wa saksafoni tayari shingoni. "Kwani hapa si kwetu? Wewe sasa ni mtoto wetu. Vyenu ni vyetu."

Binti akamgeukia mchumba wake. Akamngoja. Na yule kijana, chini chini, akiwa anatazama viatu: "Mwache tu. Ni mkubwa."

Basi. Binti kainuka, kaja huku. Anaosha vikombe vilivyo safi.

Wiki nzima nimewabeza, natamani mtu awaumbue. Leo wameumbuliwa, na mimi ndiye ninayembembeleza binti. Nilitaka adabu. Sikutaka harusi ivunjike! Nimemwambia, rudi ukakae, mwanangu, yamekwisha. Mate tu yale, nitaosha.

Akasema, "Wewe utaosha, Mama. Mimi nitaosha nini?"

Nikachukua daftari, nikakalia ndoo. Mimi, mwenye jibu la kila kitu.

Sebuleni mlio umeanza. Mbaya kuliko wa wiki iliyopita. — Umekatika. Sauti ya kijana, siyasikii maneno. Mama yake anasema, mwanangu, mwanangu. Mume wangu anakaribisha watu chai, maskini. Kiti kimeburutwa. Mlango wa mbele — paa! Kikohozi cha Baba Mkubwa kinasikika nje.

Mchumba kasimama hapa mlangoni pa jikoni. Jasho linamtiririka. Kaibeba saksafoni kwa mikono miwili, mbali na kifua, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga wa mwenzake.

"Mama," anasema, "naomba kuuliza. Inawekwa wapi?"

Kaniuliza mimi, lakini macho yako kwa binti. Nami namtazama binti. Maji yanamwagika bombani, kikombe kimoja mkononi, anakizungusha, anakizungusha. Hajageuka.