Dakika Mbili za Majina

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu za Auburn. Bibi yako hajambo, anashona barakoa. Mimi nimefungiwa ndani kwa ajili ya korona, nina afya na hasira tele. Barua hii itafika kwako Perth kabla yangu, maana mipaka bado imefungwa.

Unauliza kama umwache yule mtunzi wa muziki wa filamu za kale za Hollywood katika tasnifu yako, kwa kuwa mwalimu wako amesema hajulikani.

Ujanani, Mombasa, niliendesha mashine ya sinema. Jumamosi moja mama kwenye picha alimuaga mwanawe bila kusema neno, na watu mia tatu wakalia. Jumapili spika ikafa palepale, muziki ukakatika. Mama yuleyule, machozi yaleyale, watu mia tatu wakacheka.

Bosi alikuwa ameamuru turuke majina ya waliotengeneza picha, yale yanayopita mwanzoni, tuokoe dakika mbili. Tangu siku hiyo nikakataa.

"We Hamisi, watu wamelipa kuona picha, si kusoma rejista!"

"Aliyewaliza jina lake litapita. Hizo dakika mbili zitoe kwenye muda wangu wa chai."

Alizitoa kweli. Miaka minne nilikunywa chai ya haraka, ikiniunguza ulimi, na majina yakapita kila siku. Nawe unaogopa mwalimu mmoja?

Babu yako,
Hamisi